Buti za Khampun

Kama Bualai angepewa nafasi ya kuomba siku moja irudishwe, asingeomba ile aliyokufa baba yake. Angeomba Jumapili moja ya mwezi wa tano, mchana, wamekaa barazani wanakula, yeye akafungua mdomo na kusema neno ambalo hakutakiwa kulisema.

Bualai alikuwa fundi wa maabara mjini. Maabara yao ilikuwa ya utafiti, na utafiti wenyewe ulimhusu mdudu mmoja tu: bakteria anayeishi kwenye tope la majaruba ya mpunga huko Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Wenyeji wanauita ugonjwa wake homa ya udongo. Mdudu anaingia kwenye mchubuko wa mguu, mtu anashikwa na homa, anadhani ni mafua, na wiki haijaisha watu wanatafuta jeneza. Lakini wengine wanalikanyaga tope lile lile toka utotoni mpaka mvi zinawaota, na hawapati hata chafya. Kwa nini huyu na si yule? Ndilo swali lililokuwa likiwaumiza vichwa Bualai na wenzake. Jibu walikuwa nalo nusu tu: wanaoondoka haraka zaidi ni wenye kisukari.

Na Khampun, baba yake, alikuwa na kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, na alikuwa mkulima wa mpunga kijijini Don Khlo. Basi hebu fikiria moyo wa huyo binti kila mvua ilipoanza kunyesha.

Ndiyo maana alimnunulia buti za mpira, nyeusi, za kufika magotini. Loo, vita vilivyopiganwa juu ya buti zile!

"Bualai, mwanangu, wewe ukiingia nyumbani unavua viatu, si ndiyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hekaluni?"

"Navua."

"Sasa kwa Mama Mpunga mimi niingie na mabuti, kama polisi anayekuja kukamata mtu? Yeye ndiye anayetulisha!"

"Mama Mpunga atakusamehe, Baba. Mdudu hasamehi."

"Huyo mdudu wako unamjua kweli kweli. Ungewajua hivyo wanaume, leo ningekuwa na mjukuu hapa ananivuta masikio."

Mama yake, Sida, alicheka mpaka tonge la wali wa kunata likamdondoka. Lakini Bualai hakurudi nyuma, alimsumbua mzee mpaka akavaa. Misimu miwili mizima Khampun aliingia jarubani na buti, huku akinung'unika. Zinanasa, alisema. Unavuta mguu, mguu unatoka, buti inabaki kwenye tope. Na kila asubuhi kabla ya kuingia alisimama kwenye tuta akamwomba radhi Mama Mpunga, roho anayelinda mpunga, akimweleza kwamba si yeye, ni mtoto wake, mtoto amesoma, atafanyaje.

Mwaka wa tatu ndipo watafiti walipokwenda Don Khlo kuchukua damu. Walitaka watu wazima mia mbili, wazima wa afya na wenye kisukari, wapime kingamwili zao, yaani zile protini za damu ambazo mwili unazitengeneza ukishawahi kukutana na mdudu. Kila chupa iliandikwa namba tu, na sheria ilikuwa moja: majibu haambiwi mtu yeyote mpaka utafiti uishe, na hata hapo anayeyaeleza ni daktari. Khampun alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Aliyemshika mkono wakati wa kutoa damu alikuwa Bualai, kwa hiyo namba aliijua.

Ijumaa moja, wenzake wakiwa wameenda kula, akayachungulia majibu. Namba ya baba yake ndiyo iliyokuwa juu ya zote. Watu mia mbili, na hakuna aliyemkaribia! Bualai aliona fahari kama mzazi ambaye mtoto wake ameshika namba moja darasani.

Angeishia hapo. Lakini Jumapili ile Khampun alikuwa mnyonge. Juzi yake kliniki walikuwa wamemgombeza kwa sababu ya sukari, macho yalikuwa yakimtia ukungu, na kidole cha mguu kilikuwa kinakufa ganzi. Aliusukuma mbali wali wake.

"Mwili wenyewe huu umeshakuwa takataka," alisema. "Umebaki kutupwa."

Bualai hakuvumilia. "Nani kakwambia? Kijiji kizima hiki hakuna mwenye damu kama yako. Kingamwili zako za yule mdudu ndizo za kwanza."

"Kingamwili ndiyo kitu gani?"

"Ni askari, Baba. Askari wa kwenye damu."

"Na mimi ninao wengi?"

"Jeshi zima. Ila usimwambie mtu, nitafukuzwa kazi."

Ungemwona yule mzee! Alikaa wima, akauvuta wali wake tena, akachovya kwenye samaki wa kuvundika na kula mpaka akalamba vidole. "Sida, umesikia? Umeolewa na kambi ya jeshi."

Hapo ndipo Bualai alipotakiwa kuendelea kusema. Alitakiwa kusema kwamba kingamwili nyingi pengine zinaonyesha tu kwamba mtu amekutana na mdudu mara nyingi, si kwamba atamshinda. Kwamba huyu mdudu ana ujanja wa kujificha ndani ya chembe za mwili wenyewe, kingamwili zikabaki nje zinazunguka. Kwamba kwa mwenye kisukari chembe za kummeza mdudu huchelewa kufika. Haya yote aliyajua, tena aliwahi kuyachora kwenye karatasi kubwa kwa ajili ya mkutano wa maabara. Lakini baba yake alikuwa anacheka, na siku nyingi hajamsikia akicheka vile. Akamwacha acheke.

Mvua zikaja, watu wakaingia kupandikiza miche. Bualai hakupata nafasi ya kwenda kijijini, kazi ilikuwa nyingi maabara, maana mvua ndizo zinazoleta wagonjwa. Kwenye simu alikuwa akiuliza, "Unavaa buti, Baba?" na baba akijibu, "Hivi unavyoniona." Alikuwa hamwoni, lakini alicheka.

Alhamisi moja asubuhi Sida akapiga mwenyewe.

"Baba yako ana homa leo siku ya nne."

"Siku ya nne! Mama, na mnanyamaza?"

"Kanikataza. Anasema ni mafua ya mvua. Anasema askari wake wako kazini, nisiwasumbue."

Bualai hata hakuaga vizuri. Alirukia pikipiki yake, saa nzima ya barabara ya matope, na alimkuta baba yake kwenye mkeka anatetemeka chini ya mablanketi mawili, mikononi kafungwa nyuzi nyeupe ambazo mke wake na majirani walimfunga ili roho isimtoke. Bualai hakumgusa paji la uso. Alifunua blanketi upande wa miguu.

Miguu ilikuwa imeoshwa, lakini tope la kwenye mipasuko ya visigino halitoki kwa siku moja. Kwenye kisigino cha kulia palikuwa na kidonda, cheusi pembeni, ambacho mwenyewe kwa ile ganzi yake pengine hakukisikia.

"Baba, buti ziko wapi?"

Khampun alifumba macho. Aliyejibu ni Sida.

"Ziko shambani, kwenye tuta. Anazivaa kutoka hapa, akifika anazivua, anazipanga vizuri kama mlangoni pa mtu, ndipo anaingia. Msimu wote huu. Mimi nilidhani mmekubaliana."

"Tumekubaliana!" Bualai alimgeukia mzee. "Baba?"

"Si ulisema nina jeshi?" alisema mzee. Hakusema kwa kulaumu. Alisema tu kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo. "Nikaona, sasa kwa nini niendelee kumkosea heshima Mama Mpunga."

Bualai aliinama akashika ile miguu kwa mikono miwili, na hakuiachia mpaka gari la jirani lilipofika.

Hospitalini aliwapigia kelele hata watu ambao hakuruhusiwa kuwapigia kelele. "Anzeni dawa ya homa ya udongo sasa hivi! Msingoje majibu, mimi nawaambia!" Wakaanza. Dripu ikawekwa, muuguzi akipekua mshipa katikati ya nyuzi nyeupe, maana Sida alikataa katakata zisikatwe. Damu ya Khampun ikatumwa kuoteshwa, na sehemu ya kuotesha ilikuwa ni pale pale kwenye maabara ya Bualai.

Mwenzake Nit, ambaye waliajiriwa siku moja na kula sahani moja miaka yote, alisimama mlangoni akamzuia. "Wewe usiingie. Hii nitaisoma mimi."

"Nit, nipishe."

"Dada, nakuomba. Kaa na mzee."

Alikaa na mzee siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi, Nit akiwa bado hajafika, Bualai akaingia maabara, akafungua kabati la joto, akaitoa ile sahani ilimooteshwa damu ya baba yake. Vilikuwa vimeota, vidoa vidogo vidogo vya zambarau, vimeanza kukunjamana katikati. Miaka sita amevitazama vidoa vile, na mara nyingine, Mungu amsamehe, amefurahi kuviona, kwa sababu utafiti unahitaji wagonjwa. Alifunika sahani akairudisha mahali pake. Nit alipoingia akamkuta amekaa sakafuni.

"Nimeshaona," Bualai alisema.

Jioni hiyo homa ikalegea kidogo, na Khampun akaomba kuinuliwa. Ndipo alipokuja Daktari Orawan, mkuu wa utafiti, mwanamke mpole ila kwenye kazi hana mchezo. Alikuwa na Nit na ile fomu wanayojaziwa wagonjwa wote wa homa ya udongo. Bualai alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Mzee, ulikuwa ukiingia jarubani kabla ya kuumwa?" Nit aliuliza.

"Mimi mkulima, binti yangu. Niingie wapi tena?"

"Ulikuwa na kidonda?"

"Wanasema ninacho. Mimi sijakiona, kiko nyuma."

"Ukiwa jarubani ulivaa buti?"

Khampun alimtazama Bualai. Ni mtazamo mfupi tu. Mzee yule hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini uso wa mwanawe aliujua kusoma, na ile siri ya barazani alikuwa hajaisahau. Kijiji kizima alikitambia jeshi lake, lakini hakuna aliyemsikia akisema ni nani aliyemhesabia.

"Kila siku," alisema. "Huyu hapa alininunulia. Ana amri huyu kumshinda mama yake. Msimu wote sikuingia bila buti hata mara moja."

Nit akaweka alama kwenye Ndiyo.

Bualai alikuwa na nafasi ya kusema, na midomo yake ilifunguka kweli. Lakini akaiona kazi, akamwona Daktari Orawan, akamwona baba yake anamtikisia kichwa kidogo sana. Akanyamaza.

Walipotoka alikwenda akakaa karibu naye. "Baba, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Umewadanganya."

"Nimewadanganya wapi? Nimezivaa. Toka nyumbani mpaka kwenye tuta ni mbali, muulize mama yako." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuisha. Akamshika mkono. "Kazi yako nzuri, mwanangu. Wengi wanapona kwa ajili yenu. Usije ukaipoteza kwa sababu ya miguu ya mzee mmoja."

"Ni mimi, Baba. Ni mimi niliyekwambia."

"Uliniambia neno zuri," alisema Khampun. "Nilikuwa nalihitaji siku ile. Acha, usilie, wagonjwa wanatazama."

Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho. Kulipopambazuka pumzi zilianza kumpotea, wakamtia mpira kooni. Figo zikagoma. Saa nne asubuhi daktari wa wodi akawaita Bualai na mama yake pembeni, akasema kile ambacho Bualai alishakijua tangu alipoiona sahani. Sida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi twende nyumbani." Hakuna mtu wa Isan anayekubali mtu wake afie kwa watu, mbali na paa lake, roho ikabaki inahangaika kwenye korido za hospitali.

Walimlaza nyuma ya gari dogo la hospitali. Muuguzi alikuwa akimminyia hewa kwa mkono. Bualai alikaa karibu na kichwa akafanya kazi ya mtoto, kumtajia baba njia ili roho yake isipotee.

"Baba, tunatoka mjini sasa. Baba, hili ni daraja, tunavuka mto. Baba, hapa ni sokoni, pale uliponunulia ule mkokoteni ulioharibika siku ile ile." Sida akacheka na kulia kwa pamoja. "Baba, tumepita hekalu. Baba, yale pale ni majaruba yetu, miche imeshika vizuri. Baba, tumefika. Panda ngazi, Baba. Uko nyumbani."

Walimlaza kwenye mkeka wake. Muuguzi akawatazama, Sida akaitikia kwa kichwa, mpira ukatolewa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, kuku wanakwarua uani. Khampun alivuta pumzi tatu za peke yake na hakuvuta ya nne.

Siku moja baada ya kuuchoma mwili wake hekaluni, Bualai alikwenda shambani. Buti zilikuwa pale pale kwenye tuta, zimesimama sambamba, visigino kuelekea jarubani, kama viatu vya mgeni mwenye adabu ambaye bado yuko ndani. Zilikuwa zimejaa maji ya mvua. Akazimwaga, akazikumbatia, akapiga yowe ambalo watu wa jaruba la tatu walilisikia wakaacha kupanda. Hakuna aliyekwenda kumnyamazisha. Walimwacha alie.

Wiki mbili baadaye alirudi kazini. Watu walimpokea vizuri, Nit alikuwa amemwekea kachumbari ya papai bichi jinsi anavyoipenda, lakini Bualai hakuila. Saa tatu wakaitwa kwenye mkutano.

"Huyu mgonjwa wa Don Khlo," Daktari Orawan alianza, akamtazama Bualai kwa huruma. "Niwie radhi, najua ni nani. Lakini ni yeye peke yake ambaye damu yake tunayo kabla ya ugonjwa na baada yake. Kingamwili zilikuwa juu kuliko za wote. Na buti alivaa kila siku. Sasa mdudu alipitia wapi? Kidonda kile cha kisigino kilikuwa ndani ya buti. Mimi naona ni maji ya kunywa. Kesho gari liende tukafunge kisima chao, watu wasinywe mpaka tupime. Na kijiji jirani pia, wanachota hapo hapo."

Bualai alikiona kisima. Akamwona mama yake na ndoo, na wazee wote wa Don Khlo wakiogopa maji yao waliyoyanywa maisha yao yote, huku tope likiingoja miguu yao mitupu.

"Msiende kisimani," alisema.

"Kwa nini?"

"Hakuvaa buti."

Nit aliitazama kalamu yake. "Dada, mimi mwenyewe nilimuuliza. Alisema kila siku."

"Alisema kwa ajili yangu. Buti zilikuwa kwenye tuta msimu wote. Nilijua hata kabla sijamleta hospitali, nikasimama pale nikanyamaza."

Daktari Orawan aliziweka chini karatasi zake. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Sheria unaijua," alisema. "Anayeujua ukweli ndiye anayesahihisha, na anatia sahihi yake."

Akamletea fomu. Bualai akapiga mstari mmoja juu ya alama ya Nit, mstari wa kuonekana, akaweka alama yake kwenye Hapana. Kila alipokandamiza kalamu alikuwa akimwona baba yake kitandani, anatikisa kichwa kidogo sana, anamwambia asiseme. Mzee alikuwa amempa zawadi ile kwa pumzi zake za mwisho, na sasa yeye anaikata kwa wino, mbele za watu.

Chini ya Hapana palikuwa na swali jingine ambalo watu wengi hujibu kwa maneno mawili matatu, kwamba buti zinanasa, kwamba zina joto. Sababu ya kutovaa. Bualai alifuta machozi yasidondoke kwenye karatasi, akaandika kwa mwandiko wa kusomeka, kisha akatia sahihi:

Binti yake alimwambia damu yake ina askari wa kutosha.